Kidole kwenye karatasi: baada ya aksida, twende asiranse ao tribinali?

Karatasi ilikuwa nusu ukurasa wa daftari ya mwanafunzi. Ilisema kwamba mama amepokea dola 100 na mbuzi mmoja kutoka kwa jamaa ya motari, na ya kuwa "hatadai tena kitu chochote, leo wala kesho". Ilikuwa siku ya pili baada ya aksida. Mama alikuwa kwenye kitanda cha hospitali, mguu wa kuume umefungwa, na kidole chake kilikuwa kimekwisha kupakwa wino wa biki.

"Kama mutoto wangu hangeingia ile saa, ningekwisha kutia," alituambia.

Huyu mama ni mwanachama wa kooperativi moja ya muhogo na mupunga kati ya Lusenda na Baraka. Aligongwa asubuhi akitoka shambani, amebeba kikapo, kando kabisa ya barabara. Pikipiki ilikuwa na abiria wawili na bidoni mbili za mawese. Hatutaji jina lake wala la mtu mwingine katika habari hii, kwa sababu mambo yao hayajaisha, na hawa watu wanaonana kila siku kwenye njia moja, soko moja na kanisa moja.

Tunapopita katika kooperativi za Fizi na Baraka kuzungumza juu ya mbegu na depo, ulizo hili linarudi mara kwa mara. Mtu akiumizwa na gari, pikipiki ao mashine, afuate asiranse, ao ashitaki? Wengine wanauliza kwa hasira, wengine kwa aibu. Mkulima aliyevunjika mguu mwezi wa kupanda amepoteza mguu na msimu pamoja, na wakati huo ndipo wanakuja watu na makaratasi. Kwa hiyo tumeona vizuri kueleza tuliyoyaona na yale sheria ya inchi yetu inasema.

Turudi kwanza kwa ile karatasi.

Mtoto wa mama hakuipasua. Mjomba wake alitaka pesa ipokelewe, kwa sababu hospitali ilikuwa inangoja malipo. Yeye mwenyewe alitaka kwenda kushitaki siku ile ile. Mwisho walifanya kitu ambacho tunakisifu: walipokea dola 100 na mbuzi, lakini wakaandika karatasi mpya. Mahali pa "hatadai tena" wakaandika "ni kwa matibabu ya kwanza, mengine yataonekana daktari akimaliza". Chefu wa lokalite akatia sahihi, jamaa ya motari pia. Mwezi wa tatu, daktari akaona mfupa haukuunga vizuri, unahitaji kuguswa tena. Lile neno "ya kwanza" ndilo liliwarudisha kwenye meza. Kama lingebaki neno la zamani, leo wangekuwa wanaomba huruma tu.

Karatasi ya namna ile, hata ikiandikwa juu ya goti, ni mapatano. Tribinali inaweza kuipokea kama ushuhuda kwamba ulikubali kumaliza. Asiranse nayo iko na yake: kitansi cha mwisho unachotia sahihi siku ya kulipwa, na baada ya hapo dosye inafungwa. Basi usitie kidole mbele daktari hajaandika kwamba kidonda kimefika mwisho wake, na kama kuna kilema kitakachobaki, ni cha kiasi gani. Hesabu ya fidia inasimama juu ya karatasi hiyo ya daktari. Siku ya pili hakuna mtu anayejua mguu utakuwa namna gani.

Nani atalipa, na iko na nini?

Watu wanapenda kuuliza "tufuate njia gani" mbele ya kuuliza "nani ndiye mwenye kulipa". Sisi tunaona ulizo la pili ndilo linajibu la kwanza.

Sheria ya asiranse ya vyombo vya barabarani katika Kongo ni ya tangu mwaka wa 1973. Inasema kila chombo cha motere kinachotembea njiani, pikipiki pia, lazima kiwe na asiranse ya kulipa watu wengine kinaowaumiza. Si asiranse ya kutengeneza gari la mwenyewe. Ni yako wewe uliyegongwa. Kwa miaka mingi SONAS peke yake ndiyo iliyokuwa inaiuza. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 iliondoa ile hali ya duka moja, kampuni zingine zikaingia, na ARCA ikawekwa kuziangalia zote. Kampuni ikikalia dosye yako bila jibu, malalamiko yanaweza kupelekwa ARCA.

Kama chombo kilichokugonga kiko na asiranse ya kweli, ambayo haijapitwa na tarehe, sisi tunasema anza na asiranse. Haitaki uwe na avoka siku ya kwanza. Kampuni haiwezi kutoroka usiku kama motari. Pesa yake haitoki kwenye mfuko wa kijana ambaye kila jioni anapaswa kupeleka veresema kwa mwenye pikipiki. Lakini mjue vilevile: kampuni inalipa kama yule iliyemwandika ndiye mwenye kosa, na itatafuta kama wewe pia ulikuwa na sehemu ya kosa. Pesa ya kwanza itakayokutajia inaweza kuwa ndogo kuliko haki yako. Unaweza kukataa na kuomba wahesabu tena. Na mlango wa tribinali unabaki wazi nyuma yako muda wote hujatia sahihi ya mwisho. Ndiyo maana hatupendi kusema "asiranse ao tribinali" kama vile ni njia mbili zinazoachana. Mtu anaweza kuanza na moja, mkononi akishika ile ingine.

Kuhusu malori ya kutoka inchi zingine, kuna jambo wengi hawajui. Wote tunakumbuka Sange, tarehe 2 Julai 2010, lori la petroli lililotoka Tanzania lilipopinduka, na moto ukaua watu zaidi ya 230. Tangu siku ile, mtu wa njia ya Uvira akisikia lori la ngambo anaogopa. Lakini kwa habari ya fidia, lori la ngambo halipashwi kuwa bila asiranse: Kongo na majirani kadhaa, Tanzania ndani yake, wako katika mpango wa kadi ya manjano wa COMESA. Gari linapovuka mpaka na kadi ile, aliyeumizwa huku anapeleka dai kwa ofisi ya mpango iliyo katika inchi yetu, hahitaji kupanda mashua kwenda Kigoma. Tazameni kadi hiyo, andikeni namba yake, mbele lori halijaondoka.

Jamaa moja ya upande wa Mboko haikuandika. Kijana wao aligongwa na lori. Kwa uchungu wakamkamata sheferi, wakampeleka kwa polisi, akalala ndani siku chache. Sheferi akalipa amande, akaachiliwa, lori likaenda. Jamaa ilifikiri ile amande ni pesa yao, inabaki tu kuipokea. Haikuwa yao. Amande inayolipwa kwa opeje ao kwa parke inaingia kwa Serikali; inamaliza deni la mwenye kosa mbele ya Serikali, haimalizi deni lake kwako. Wangeweza bado kudai fidia. Lakini kudai kwa nani? Hakuna aliyeandika plaki, hakuna aliyeandika jina la kampuni ya asiranse, na jina la sheferi walilijua nusu. Tulipoonana na baba wa kijana, alituonyesha kitu kimoja tu alichobaki nacho: picha ya lori kwenye telefone, imechukuliwa kwa upande, plaki haionekani.

Karatasi inayofungua milango yote miwili

Kama kuna kitu kimoja tungeomba kila komite iwafundishe wanachama, ni PV. Pale aksida inapotokea, polisi ya barabara, ao opeje kama polisi ya barabara haiko, anapashwa kufika, kuchora namna vyombo na watu walivyokuwa, kuandika majina, plaki, namba ya asiranse, na mashahidi. Asiranse itaiomba. Tribinali itaiomba. Bila PV, unabaki na maneno yako na maneno ya yule mwingine, na yeye atakuwa na abiria wawili wa kumshuhudia.

Tunajua ugumu. Katika vijiji vya Ngandja ao Lulenge, polisi anaweza kufika kesho yake, ao aombe mafuta ya pikipiki ili afike. Katika hali hiyo, chefu aandike siku ile ile na mashahidi watie sahihi, kisha mupeleke kwa polisi ili iingie katika PV. Picha za telefone ni nzuri, mradi plaki ionekane. Muweke pia kila kitansi cha hospitali na cha dawa, cha pikipiki iliyomubeba mgonjwa, hata cha kibarua aliyelipwa kulima shamba mahali pa mgonjwa. Hiki cha mwisho watu wanakisahau kila mara. Siku ambazo hukulima ni hasara pia, na mwenye kuhesabu fidia hawezi kuhesabu kitu hakuna aliyekiandika.

Na opeje si juji. Anaandika, anachunguza, anapeleka dosye kwa parke. Hana ruhusa ya kukata fidia kwa nguvu, wala kumfunga mtu juu ya deni. Watu wakipatana mbele yake kwa hiari, sawa, lakini wanapatana wao.

Wakati hakuna asiranse

Sasa tuseme ukweli wa kwetu. Pikipiki nyingi zinazotembea kati ya Swima na Misisi, ukimwomba motari karatasi ya asiranse, atacheka kwanza. Pikipiki iliyomgonga mama yetu ilikuwa nayo, lakini tarehe yake ilikuwa imekwisha miezi minne nyuma. Kampuni haikuwa na deni hapo.

Hapo ndipo tribinali inaingia, lakini si kwa namna watu wanavyofikiri. Wengi wanataka motari afungwe. Mama mwenyewe alisema hivyo siku za kwanza. "Nilikuwa nasema wamufunge tu. Kisha nikajiuliza, akifungwa, ni nani atanilipia dawa? Ni mutoto kama wangu."

Sheria ya Kongo, kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia, inasema mtu aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake anapaswa kuirudisha. Kifungu cha 260 kinaenda mbali zaidi: mtu anajibu pia juu ya wale anaowatumikisha na juu ya vitu vilivyo chini ya ulinzi wake. Maana yake, motari asiye na kitu si mwisho wa njia. Ulizeni pikipiki ni ya nani. Katika habari hii ilikuwa ya mchuuzi mmoja wa Baraka mwenye pikipiki tano, na kila jioni motari alikuwa anamletea veresema. Yeye ndiye alikuwa na cha kulipa, naye hakuwa amefika hospitali hata siku moja. Jamaa ya motari, watu maskini, ndiyo waliokuwa wameuza mbuzi wao.

Kumuumiza mtu bila kukusudia ni kosa mbele ya sheria ya makosa, vifungu vya 52 mpaka 54, na linaamuliwa na tribinali ya amani. Mwenye kuumizwa anaweza kujiunga na kesi hiyo na kudai fidia ndani yake, bila kufungua kesi ingine ya pekee. Hata kama hakudai, juji anaweza kumpa fidia pamoja na hukumu. Hiyo inapunguza gharama. Kesi ya kiraia peke yake inaanza na pesa ya kufungua dosye, na hukumu ikishatoka kuna pesa zingine za kulipa ili uipate mkononi. Asiye na uwezo anaweza kuomba karatasi ya umaskini ili aondolewe malipo, na chama cha maavoka kiko na ofisi ya kushauri bure. Kesi kubwa zinaenda Uvira, karibu kilometa 90 kutoka Baraka, na mkulima anapashwa kuhesabu siku za safari, si pesa ya usafiri tu. Ukishindwa, siku za kukata rufani ni chache: 10 kwa kesi ya makosa, 30 kwa ya kiraia. Watu wanazipoteza wakingoja msimu upite.

Wakati mwingine tribinali inakuja kwetu. Watu wa Baraka wanakumbuka Februari 2011, wakati tribinali ya kijeshi ya kutembea ilikaa hapa mbele ya watu wote na kuwahukumu maofisa na askari juu ya wanawake walionajisiwa Fizi siku ya mwaka mpya. Ile ilikuwa kesi ya namna ingine kabisa, nzito kuliko aksida yoyote ya barabarani. Tunaitaja kwa sababu ilionyesha kwamba mkulima wa hapa anaweza kusimama mbele ya juji hapa hapa, bila kwenda Bukavu. Tribinali ya kiraia pia inaweza kutembea. Kooperativi ikisikia imepangwa, iwaambie wanachama mapema.

Lakini hukumu ni karatasi. Kama aliyeshindwa hana nyumba, wala pikipiki, wala duka, utaipeleka wapi? Kwa hiyo mahali asiranse haiko, sisi tunaona mapatano ya kuandikwa na mwenye chombo, PV ikiwa imekwisha kuandikwa na parke ikijua, ni bora kuliko miaka ya kesi na mtu mtupu. Tunabadilisha neno hilo mahali mtu amekufa, ao amebaki na kilema cha maisha. Hapo mapatano ya barzani, hata lubunga ikikaa na wazee wa heshima, yasiwe peke yake. Mwone avoka mbele ya kupokea kitu chochote. Mbuzi na dola 100 haviwezi kusimama mahali pa mkono wa mtu wa miaka 20.

Kama mwenye kosa ni sisi

Hapa wanachama wengi wanakaa kimya. Kooperativi ziko na mashine za kusaga, za kutonoa mupunga, pikipiki za kubeba mavuno, na vijana wanaozitumikisha. Kijana mmoja alipoteza vidole viwili kwenye mukanda wa mashine ya kusaga muhogo. Mashine ilikuwa ya kooperativi. Komite ilimchangia pesa kidogo, kisha ikasema "ni mwenzetu, ataelewa". Hakuelewa, naye alikuwa na haki ya kutoelewa.

Kooperativi iliyoandikwa kufuata sheria ya OHADA ni mtu mbele ya sheria. Inaweza kushitaki, na inaweza kushitakiwa. Mfanyakazi wake wa mshahara anapashwa kuandikwa CNSS, ile ya zamani iliyokuwa ikiitwa INSS, na sehemu ya aksida za kazi inalipwa na mtumikishaji peke yake, haikatwi kwa mfanyakazi. Akiumia, CNSS inabeba matibabu na malipo. Asipoandikwa, mzigo unaangukia kisanduku cha kooperativi, yaani mavuno yenu. Tuliambia ile komite hivyo, na haikufurahi. Mwenye kiti aliuliza kama tumekuja kusaidia kooperativi ao kijana.

Kwa siku za kwanza, wakati bado hakuna asiranse wala juji aliyejibu, tumeona MUSO zikifanya kazi nzuri. Kisanduku chekundu ni cha taabu za namna hii. Kooperativi moja imeandika katika sheria zake za ndani kwamba kisanduku chekundu kinatoa pesa ya hospitali ndani ya siku tatu, na mwanachama anairudisha siku atakapolipwa na mwenye kosa. Mgonjwa ambaye hospitali yake imelipwa hatii kidole haraka. Yule mama hakuwa katika MUSO yoyote siku ile. Sasa ameingia.

Mapatano yake na mchuuzi wa Baraka yaliandikwa mbele ya chefu na mwakilishi wa kooperativi, nakala tatu: matibabu ya pili yote, na fidia ya siku asizolima, kulipwa mara nne. Mchuuzi alikubali alipojua dosye iko parke. Amelipa mara mbili. Ya tatu ilipashwa kufika kabla ya mavuno ya mupunga, na imechelewa. Tulimuuliza kama sasa atashitaki. Alisema atangoja mpaka mwisho wa mwezi, kisha atapanda kwenda Fizi na nakala yake. Anaiweka ndani ya Biblia, pamoja na vitansi vyote na karatasi ya kibarua aliyemlimia.